Kwa Nini Chenga Zilitoweka: Misingi ya Mawasiliano ya Analojia na Dijitali

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Nairobi ilifuata mwaka 2015. Enzi za analojia, mtu mmoja alikuwa nje akizungusha mlingoti wa antena na mwenzake sebuleni akipaza sauti: "Bado! Rudisha kidogo! Hapohapo, usiguse!" Picha ilikuwa na chenga, lakini mpira ulionekana na mtangazaji alisikika. King'amuzi hakijui chenga. Picha yake ni safi kabisa, au inakatikakatika miraba, na ishara ikipungua tone moja zaidi kioo kinakuwa cheusi.

Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme anayeweza kueleza kwa hesabu kwa nini chenga ziliondoka na miraba ikaja mahali pake, ameshalishika somo hili kwenye shina lake. Mengine yote, modulesheni (kulibebesha wimbi habari), sampuli (vipimo vya papo kwa papo), usimbaji (kuzipanga habari kwa namba), yananing'inia kwenye swali hilo.

Kwanza tuondoe kosa linalojirudia kwenye majibu ya mitihani. Wengi huandika kwamba mfumo wa dijitali hurusha sifuri na moja hewani. Hewani hakuna sifuri wala moja. Antena ya king'amuzi hupokea mawimbi ya sumakuumeme yanayopanda na kushuka bila kuruka, sawasawa na ya redio ya mwaka 1950. Tofauti iko kwenye swali ambalo mpokeaji anapaswa kulijibu. Katika analojia anaulizwa: wimbi lilikuwa na umbo gani hasa? Katika dijitali anaulizwa: kati ya maumbo haya machache tuliyokubaliana mapema, lililotumwa ni lipi? Swali la kwanza halina jibu kamili hata siku moja, kwa sababu kila umbo linawezekana na kelele nayo ni umbo. La pili lina jibu kamili, mradi kelele isizidi kiasi fulani.

Kelele yenyewe inatoka wapi

Kila kipande cha waya chenye joto kina elektroni zinazohangaika, na mahangaiko hayo ndiyo kelele ya chini kabisa usiyoweza kuikwepa. Nguvu yake ni kTB: k ni namba ya Boltzmann, T ni joto kwa kelvini, B ni upana wa masafa kwa hezi. Kwenye joto la kelvini 290 inakuwa dBm -174 kwa kila hezi moja; dBm ni desibeli zikilinganishwa na milivati moja, na kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Chaneli ya televisheni yenye upana wa MHz 8 huongeza desibeli 69 juu ya hapo, kwa hiyo sakafu ya kelele ni dBm -105 kabla hujaunganisha kifaa chochote. Chaneli ya redio ya FM ya kHz 200 ina sakafu ya dBm -121. Kariri ile -174. Itakufaa maisha yako yote ya kazi. Na uone jambo moja hapo hapo: ukifungua mlango mpana zaidi, kelele nyingi zaidi huingia.

Analojia: umbo ndilo mzigo

Katika AM, modulesheni ya ukubwa wa wimbi, tunachukua wimbi la kubebea, tuseme la kHz 1000, na kuufanya ukubwa wake ufuate sauti. Sauti ya kHz 5 huzalisha mikanda miwili ya pembeni, mmoja kHz 995 na mwingine kHz 1005, hivyo upana wa masafa ni mara mbili ya sauti ya juu kabisa. Kina cha modulesheni, m, hupimwa kwa urahisi kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi kwenye kioo: soma kimo kikubwa na kimo kidogo cha wimbi, toa, kisha gawanya kwa jumla yao. Ukisoma volti 6 na volti 2, m ni 4 gawanya kwa 8, yaani 0.5. Ikipita 1, wimbi hujikunja katikati na sauti hukwaruza. Hakuna kipokezi rahisi kitakachoirekebisha.

Tatizo la AM ni ufujaji. Nguvu yote ni nguvu ya wimbi la kubebea ikizidishwa kwa (1 + m²/2). Mtambo wenye wimbi la kubebea la kW 10 na m ya 1 hutoa kW 15, na kati ya hizo kW 5 tu ndizo zilizobeba sauti, tena kwa nakala mbili zinazofanana. Shusha m hadi 0.5, na mikanda ya pembeni yote miwili inabaki na kW 1.25. Kwa nini basi watu walivumilia hasara hiyo? Kwa sababu kipokezi chake ni dayodi, rezista na kapasita, na mtengenezaji akitaka kuuza redio kwa mamilioni ya watu ni afadhali mtambo mmoja ufuje umeme kuliko redio milioni ziwe ghali.

Tuitazame saketi hiyo kwa karibu, maana ndiyo inayowaangusha wengi maabara. Dayodi hupitisha upande mmoja wa wimbi, kapasita hujaa hadi kileleni, rezista humwaga chaji polepole hadi kilele kinachofuata. Muda wa RC (rezista mara kapasita) lazima uwe mrefu kuliko mzunguko mmoja wa wimbi la kubebea, la sivyo kapasita itamwaga chaji kati ya vilele na utaona meno ya msumeno. Lakini usiwe mrefu mno, la sivyo kapasita haitawahi kushuka sauti inaposhuka. Kikomo cha juu ni mzizi wa (1 − m²) ukigawanywa kwa 2π × fm × m, fm ikiwa masafa ya juu kabisa ya sauti.

Chukua masafa ya kati ya kHz 455 (yale ambayo redio huigeuzia ishara kabla ya kutoa sauti), rezista ya kilo-omu 10 na kapasita ya nF 4.7. RC ni mikrosekunde 47. Kwa sauti ya kHz 3 na m ya 0.7, kikomo ni mikrosekunde 54, kwa hiyo saketi inapona. Peleka sauti hadi kHz 5, na kikomo kinashuka hadi mikrosekunde 32. Kwenye osiloskopu utaona mteremko wa sauti umekatwa kwa mstari ulionyooka, kana kwamba umepigwa rula. Badilisha kapasita iwe ya nF 2.2 na mstari huo unatoweka. Ikiwa hakuna kinachotoka kabisa, angalia dayodi: ya silikoni huhitaji takribani volti 0.6 kabla haijafunguka, na ishara dhaifu haifiki huko. Ndiyo maana saketi hizi hupendelea dayodi za jemaniamu, zinazofunguka kwenye volti 0.2 hadi 0.3.

FM, modulesheni ya masafa, iliyopewa hataza mwaka 1933 kwa jina la Edwin Armstrong wa Marekani, ilikuja na hoja ambayo wataalamu wengi wa wakati ule waliikataa: ukitumia upana mkubwa zaidi wa masafa kwa makusudi, unaweza kupunguza kelele. Hoja inaonekana kupingana na kTB tuliyoiona punde. Siri ni kwamba habari imewekwa kwenye mabadiliko ya masafa: kelele inayovuruga ukubwa wa wimbi kipokezi cha FM huikata na kuitupa, na ile inayotikisa masafa huwa ndogo kulinganisha na ishara kadiri wimbi linavyosogezwa mbali zaidi. Redio za FM za kati ya MHz 87.5 na 108 husogeza wimbi hadi kHz 75 kila upande kwa sauti ya hadi kHz 15. Kanuni ya Carson inatoa 2 × (75 + 15), yaani kHz 180. Umenunua utulivu kwa kulipa masafa, mara sita ya yale ambayo AM ingetumia kwa sauti hiyohiyo.

Ila FM nayo ina ukingo wake. Ishara ikishuka chini ya takribani desibeli 10 juu ya kelele, kipokezi huanza kutoa milio ya "tap, tap" kisha mvumo mtupu. Dereva anayetoka mjini na redio ikiwa wazi anaufahamu ukingo huo vizuri. Analojia hii imeshaanza kuwa na tabia ya dijitali, jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka.

Mlolongo wa minara

Sasa weka minara kumi ya kupokezana ishara kati ya miji miwili. Kila kipande cha njia kina uwiano wa ishara kwa kelele wa desibeli 30. Mnara wa analojia haujui kipi ni ishara na kipi ni kelele, kwa hiyo unakuza vyote. Kelele za vipande kumi hujumlishana, na mwishoni uwiano umeshuka kwa desibeli 10, hadi 20.

Mnara wa dijitali hufanya uamuzi. Unasoma kilichofika, unaamua ni sifuri au moja, kisha unarusha wimbi jipya kabisa. Kelele ya kipande kilichopita inaishia hapo. Kinachojumlishwa ni makosa ya uamuzi tu: vipande kumi, makosa mara kumi. Ukitaka mwisho wa njia uwe na kosa moja kwa kila biti milioni (biti ni sifuri au moja) kwa modulesheni ya BPSK, yenye maumbo mawili tu, kila kipande kiwe na kosa moja kwa milioni kumi, na gharama yake ni kutoka desibeli 10.5 za nishati ya biti kwa kelele hadi 11.3. Desibeli 0.8, badala ya 10. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote iliyoufanya mtandao wa simu uhamie dijitali miongo mingi kabla ya televisheni.

Kugeuza sauti kuwa namba

Wazo la kutuma sauti kwa namba lilitoka kwa Mwingereza Alec Reeves akiwa Ufaransa mwaka 1937. Lilikaa rafuni hadi transista zilipoliwezesha. Hatua ni tatu, na kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza ni kuchukua sampuli. Sauti ya simu huchujwa ibaki kati ya Hz 300 na 3400, kisha hupimwa mara 8000 kwa sekunde. Sharti ni kwamba kasi ya sampuli izidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa. Ukiruhusu sauti ya kHz 5 iingie, haitapotea. Itajitokeza upya ikiwa kHz 3, ikijifanya sauti halali, na ukishakuwa na sampuli hakuna programu duniani inayoweza kuitenganisha. Kwa hiyo kichujio huwekwa kabla ya kigeuzi (kifaa kinachogeuza sauti kuwa namba), kikiwa cha analojia. Wapo wanaoweka kichujio cha dijitali baada ya kigeuzi wakidhani wameokoa kapasita mbili. Hapo samaki ameshaoza. Na kwa nini 8000 wakati mara mbili ya 3400 ni 6800? Kwa sababu hakuna kichujio kinachokata wima. Hz 8000 huacha nafasi ya mteremko kutoka 3400 hadi 4600, maana 4600 ndiyo itakayojikunja na kuangukia juu ya 3400.

Ya pili ni kuiweka kila sampuli kwenye ngazi iliyo karibu nayo. Biti 8 hutoa ngazi 256. Kama kipimo ni kutoka volti -1 hadi +1, ngazi moja ni milivolti 7.8. Kosa halizidi nusu ya hapo, na kwa wimbi laini linalojaza kipimo chote uwiano wa ishara kwa kelele ni 6.02 × n + 1.76, yaani desibeli 50 kwa biti 8. Lakini nani anayeongea kwa kujaza kipimo chote? Mtu wa sauti ya chini anayetoa milivolti 10 anapata ngazi mbili tatu tu, na desibeli zake 50 zimeporomoka hadi 10. Anasikika kama anaongea ndani ya debe.

Suluhisho ni ngazi zisizolingana: nyembamba karibu na sifuri, pana juu. Ulaya na Afrika hutumia kanuni ya A, yenye A ya 87.6, Marekani na Japani hutumia ile ya mu. Kwa sauti ndogo, biti 8 za kanuni ya A hufanya kazi kama biti 12 za ngazi sawa. Ukiunganisha mtambo wa kanuni moja na wa nyingine bila kigeuzi, sauti itapita lakini itakuwa imechafuka vibaya, na fundi anaweza kumaliza siku nzima akikagua nyaya ambazo hazina kosa.

Ya tatu ni kuhesabu biti. Sampuli 8000 mara biti 8 ni kbit/s 64 kwa simu moja. Zipange 32 kwenye fremu ya mikrosekunde 125 na unapata kbit/s 2048, kiungo kinachoitwa E1: njia 30 za sauti, nafasi ya sifuri ya kuoanisha fremu na ya 16 ya kupigia simu na kukata. Na angalia bei: sauti iliyohitaji chini ya kHz 4 sasa ni biti 64,000 kila sekunde. Dijitali ghafi ni mlafi wa masafa kuliko analojia. Ubanaji ndio ulioigeuza hali hiyo. Usimbaji wa mwanzo wa sauti katika GSM, mfumo wa simu za mkononi, ulishusha 64 hadi 13.

Hatari iko wapi: hesabu ya uamuzi

Tuseme moja hutumwa kama volti +1 na sifuri kama volti -1. Mpokeaji anakata pale sifuri ya volti: kilicho juu ni moja, kilicho chini ni sifuri. Kelele yenye mtawanyiko (mkengeuko wa kawaida) wa volti 0.2 husababisha makosa kama matatu kwa biti milioni kumi. Ikipanda hadi 0.25, makosa ni matatu kwa laki moja. Ikifika 0.5, ni zaidi ya mawili kwa kila biti mia.

Isome tena hiyo. Kutoka 0.25 hadi 0.5 kelele imeongezeka maradufu tu. Katika televisheni ya analojia maana yake ingekuwa uwiano kushuka kwa desibeli 6, chenga kidogo zaidi, na mpira ungeendelea kutazamwa. Katika dijitali makosa yameongezeka zaidi ya mara 700. Hapo ndipo chenga zilipokwenda: hazikuondoka zote, zimekusanywa na kurundikwa ukingoni.

Usimbaji wa kurekebisha makosa huufanya ukingo uwe wima zaidi. DVB-T2, mfumo wa televisheni unaotumika Tanzania na Kenya, huongeza biti za ziada za aina ya LDPC na BCH. Mpokeaji hukuta biti nyingi zimeharibika na bado hurudisha picha kamili. Lakini uwezo wa kurekebisha ukizidiwa, mfumo mzima huanguka ndani ya desibeli moja au pungufu.

Ukitaka biti nyingi zaidi kwenye masafa yaleyale, ongeza idadi ya maumbo yanayoruhusiwa. QPSK ina manne, biti 2 kwa kila umbo. 256-QAM ina 256, biti 8. Nguvu ikiwa ileile, nukta zinakaribiana, na kila unapozidisha idadi yake mara nne unahitaji takribani desibeli 6 za ziada. Mpaka wa mwisho aliuweka mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon mwaka 1948: C = B × log2(1 + S/N), C ikiwa biti kwa sekunde na S/N uwiano wa ishara kwa kelele. Laini ya simu ya Hz 3100 yenye desibeli 30 haiwezi kupitisha zaidi ya kbit/s 30.9. Kosa linaloua hapa ni kuingiza 30 moja kwa moja kwenye kanuni. Desibeli 30 ni uwiano wa 1000; ukiandika 30 utapata kbit/s 15.4, jibu linaloonekana la busara kabisa, na ndiyo maana halishtui mtu.

Mwangwi, na kile kifaa juu ya bati

Ishara inayogonga jengo na kufika ikiwa imesafiri kilomita 3 zaidi huchelewa mikrosekunde 10. Kwenye analojia iliweka picha ya pili, kama kivuli, pembeni ya ile ya kwanza. Kama dijitali ingetuma maumbo yake moja baada ya jingine ndani ya MHz 8, kila moja lingedumu kama mikrosekunde 0.13, na mwangwi huo ungeyaharibu zaidi ya 70 yanayofuata. OFDM huligawa jukumu kwa maelfu ya mawimbi membamba yanayokwenda polepole. Katika hali ya 32K ya DVB-T2, umbo moja hudumu mikrosekunde 3584, na mbele yake huwekwa muda wa kinga. Kinga ya 1/16 ni mikrosekunde 224. Mwangwi uliosafiri kilomita 67 zaidi bado unaangukia ndani yake na hautii doa.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye nyumba ambayo picha inakatika miraba, fungua menyu ya king'amuzi na usome mistari miwili: nguvu na ubora. Nguvu ndogo na ubora mdogo ni ishara haba. Pandisha antena au uielekeze upya. Nguvu kubwa na ubora mdogo ni habari nyingine, na hapo mara nyingi mwenye nyumba ameshanunua busta, kifaa cha kukuza ishara. Busta hukuza kelele sawasawa na ishara, huongeza kelele yake yenyewe, na mnara ukiwa karibu huzidiwa na kuchanganya chaneli zenyewe kwa zenyewe. Ichomoe kwanza uone. Kama inahitajika kweli, mahali pake ni juu, kwenye mlingoti. Mita 20 za kebo hula desibeli 3 hadi 4 kwenye masafa ya UHF, na busta ikiwekwa nyuma ya televisheni desibeli hizo zinakuwa zimekatwa kwenye ubora kabla haijapata la kukuza. Kisha vua kichwa cha kebo: uzi mmoja wa wavu uliogusa waya wa katikati unatosha kuuzamisha mstari wa ubora, huku antena ikitazama mnara barabara.